Faili Likitoka Mkononi Mwako, Nani Atalifungua?

Wanaoniuliza swali hili karibu wote huanza na bei. "Dada, hivi kuna haja ya kununua Office kweli, au niweke tu ile ya bure?" Wananiuliza mimi kwa sababu nina steshenari, na mwenye steshenari mtaani hudhaniwa anajua kila kitu chenye waya. Nami huwa najibu kwa swali: faili lako linaishia wapi? Linaishia kwenye karatasi? Kwenye PDF? Au linakwenda kwa mtu mwingine ambaye atalifungua, atalifanyia masahihisho na kukurudishia? Ukishanijibu hapo, habari ya bei inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani, na mara nyingi inakwisha yenyewe.

Niseme kwanza nakaa wapi, maana ushauri wa kompyuta hautoki hewani. Duka langu liko Dar es Salaam, katikati ya chuo na shule mbili za sekondari, mtaa wenye vikoba visivyohesabika na harusi karibu kila Jumamosi. Kazi zinazopita mikononi mwangu ni za kila siku: barua ya maombi ya kazi na wasifu wake, muhtasari wa kikao, mkataba wa pango, mtihani wa majaribio, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, bajeti ya kamati ya harusi, kadi za mchango, tangazo la chumba na sebule. Mtu akiniambia kwamba bila Word ya kulipia barua ya kuomba likizo haiandikiki, namtazama tu.

Ila tuelewane kuhusu hiyo ya bure. Mtaani kwetu iliyoenea kuliko zote wala si ya bure. Unanunua laptop iliyotumika, fundi anakupigia Windows na Office kwa elfu kumi au ishirini, unaondoka na Word inayofunguka vizuri kabisa. Hiyo ni programu ya kulipia ambayo haijalipiwa. Siku nyingine mkalie fundi karibu umwone anavyofanya: kabla ya kugusa chochote anazima antivirasi. Lazima aizime, kwa sababu kile kidude cha kuidanganya leseni kitakamatwa pale pale. Akimaliza, ama anasahau kuiwasha, ama anaiagiza ilipuuze folda fulani milele. Halafu unakuja kwangu na flashi yako, unaiingiza kwenye kompyuta, mafolda yote yamegeuka kuwa shotikati na ndani hamna kitu. Mafaili yapo, yamefichwa tu, nami nayarudisha. Lakini najua yalikotoka mambo hayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, ingawa sijaona mtu mtaani kwetu akinyimwa usingizi na sheria hiyo. Kinachowanyima usingizi ni ripoti iliyopotea usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi.

Kuna jambo jingine kuhusu Office hizo za fundi. Nyingi ni za 2016 au 2019, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuzihudumia zote mbili, siku ileile waliyoiaga Windows 10. Zitaendelea kufunguka, hazizimiki. Ila tundu la usalama likigunduliwa leo, halizibwi tena.

Bure yenyewe hasa, kwa kompyuta, ni LibreOffice, inayofanya kazi zilezile za Word na Excel. Mizizi yake ni ya zamani: ilianza Ujerumani miaka ya 1980 kwa jina la StarOffice, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, mwaka uliofuata msimbo wake ukaachwa wazi kwa dunia kwa jina la OpenOffice.org. Oracle walipoinunua Sun mwaka 2010, wale waliokuwa wanaijenga hawakupendezwa na mwelekeo, wakatoka na nakala yao wakaiita LibreOffice. Ndiyo maana ukitafuta mtandaoni utakutana na zote mbili. Chukua LibreOffice; OpenOffice ipo bado, ila inasonga kwa mwendo wa kinyonga. Na kwa wasiojua, sisi nasi tumo kwenye historia hiyo. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Leo nikiwatajia wanafunzi wa chuo kilekile, wengi wanadhani nawatania.

LibreOffice kwa Windows ni kama MB 350 kuipakua. Unapakua mara moja, unaweka kwenye flashi, unaisambaza kwenye kompyuta kumi bila kumwibia mtu. Haina akaunti, haina matangazo, haitaki intaneti ikishaingia. Kwa mtu anayehesabu bando, hilo si jambo dogo.

Kwenye simu hali ni tofauti. Huko mfalme ni WPS Office ya Kingsoft, Wachina walioanza kuitengeneza tangu 1988. Ya bure inakuja na matangazo, na baadhi ya kazi, hasa za PDF, zinataka ulipie. Vijana wengi wanaandika barua nzima kwenye simu kwa WPS wakiwa kwenye daladala, na sioni ubaya wowote. Halafu kuna za mtandaoni: Google Docs, yenye GB 15 za bure ambazo barua pepe na picha zako nazo zinazigombania, na Word ya Microsoft wenyewe kwenye kivinjari. Hii ya mwisho wengi hawaijui. Ukiwa na akaunti ya bure ya Microsoft unaandika kwa Word halisi, imepunguzwa makali kidogo, ukapewa na GB 5 za kuhifadhi, bila kulipa senti. Bando ndiyo kodi yake.

Sasa upande wa kulipia. Kwa bei ya Marekani, Microsoft 365 ya mtu mmoja ilipanda Januari 2025 kutoka dola 69.99 kwa mwaka hadi 99.99, baada ya kuongezewa akili bandia ya Copilot ambayo wateja wangu hawakuiomba. Ya familia, watu mpaka 6, ni dola 129.99. Ipo pia ya kununua mara moja, Office Home 2024, iliyotoka kwa dola 149.99, kompyuta moja, yako mpaka ichoke. Hiyo ya mwaka kwa shilingi zetu ni laki mbili na ushee. Mimi nachapa ukurasa kwa shilingi 500, kwa hiyo ni kurasa zaidi ya 400 kabla sijaiona faida, na hapo umeme na wino bado hatujavitaja.

Wenzangu wa steshenari wasiojua hili walisikie: hizo za mtu mmoja, za familia na Home 2024 leseni yake ni ya matumizi ya nyumbani. Ukiwa unachapia watu kwa hela, unatakiwa uwe na ya biashara. Kwa ya kununua mara moja ni Home & Business 2024, iliyotoka kwa dola 249.99. LibreOffice haina mlango wa namna hiyo; nyumbani, dukani, wizarani, ni ileile.

Mimi nina kompyuta tatu. Mbili zina LibreOffice, moja ina Office ya kulipia ya biashara. Kwa nini moja, na kwa nini isiwe sifuri? Ili kulijibu hilo inabidi nikuoneshe kitu kinachonitokea karibu kila siku.

Kijana anaingia anahema. "Dada naomba unitolee hii barua haraka, mwisho wa kupokea ni saa tisa." Ananitumia kwa WhatsApp. Kwenye simu yake barua ni ukurasa mmoja, imepangika, jina lake liko chini kabisa. Naifungua kwenye kompyuta, jina na sahihi vimehamia ukurasa wa pili, peke yake, ukurasa mzima mweupe na "Wako mtiifu" juu. Kijana ananiangalia kana kwamba nimemharibia. Hakuna aliyeharibu. Faili la Word kwa kawaida halibebi herufi zenyewe, linabeba jina la fonti tu, yaani jina la aina ya mwandiko. Linasema "niandike kwa Calibri," na kila kifaa kinakwenda kutafuta Calibri kwake. Calibri ni mali ya Microsoft; ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu 2007 hadi 2023. Kifaa kisichokuwa nayo kinachukua fonti nyingine kinayoiona inafanana. Ikiwa "m" ya hiyo mbadala ni nyembamba kidogo, kila mstari unameza neno moja zaidi na barua inakaa ukurasa mmoja. Ukiirudisha kwenye Calibri ya kweli, mistari inaongezeka, na jina la kijana linadondoka.

Watu wa programu huria walilijua tatizo hili zamani, wakatengeneza fonti pacha. Carlito ina upana sawasawa na Calibri, herufi kwa herufi. Sura zinatofautiana kidogo ukikazia macho, lakini mstari unakatika palepale. Caladea ni pacha wa Cambria. Liberation Serif ni pacha wa Times New Roman, na Liberation Sans wa Arial. Zote zinakuja na LibreOffice ukiisimika, hutafuti mahali. Kwa hiyo barua iliyoandikwa kwa Calibri kwenye Word ofisini nikiifungua kwenye LibreOffice yangu, mara nyingi inasimama vilevile. Wanaosema LibreOffice inavuruga barua mara nyingi walikumbana na fonti, wakailaumu programu.

Na sasa Microsoft wameleta Aptos badala ya Calibri. Word mpya ukiifungua inaanza na Aptos, na Aptos haina pacha wa kuja na LibreOffice. Kinachochekesha ni kwamba hata Office 2016 haikuja nayo. Watu wawili, wote na Word, mmoja mpya na mmoja wa zamani, wanavurugiana barua bila programu ya bure kuhusika popote. Ushauri wangu kwa barua yoyote inayosafiri: Times New Roman au Arial. Hazina mvuto, najua. Zinafika.

Na bora zaidi ya hapo, ikiwa barua haiendi kuhaririwa, itume kwa PDF. PDF inabeba fonti zake tumboni. Hapo ndipo swali langu la mwanzo linapofanya kazi: kijana yule wa saa tisa faili lake liliishia kwenye karatasi. Alihitaji PDF tu, na PDF inatoka kwenye kila programu niliyoitaja hapo juu, ya bure na ya kulipia. LibreOffice ina ujanja mmoja nisioona ukitajwa mara nyingi: unapotoa PDF unaweza kuiamuru ifiche humohumo ndani faili la kuhariri. Mpokeaji anaona PDF ya kawaida, wewe ukiifungua kwa LibreOffice unaendelea kuandika. Mikataba ya pango naihifadhi hivyo yote. Mwenye nyumba akija mwakani kupandisha kodi, sianzi upya.

Kwa hiyo kazi zinazoishia kwenye karatasi au PDF, na hizo ndizo nyingi kwa mtu wa kawaida, usitoe hela. Nasema hivyo bila kupepesa macho.

Walimu wangu wa hesabu ni kundi la peke yao, na kwao mambo yamekuwa kinyume na wengi wanavyotarajia. Mwalimu wa hesabu ana hazina ya mitihani ya miaka mingi, sehemu na vipeuo vimeandikwa kwa kile kihariri cha milinganyo cha zamani kilichokuwa ndani ya Word. Januari 2018 Microsoft walikiondoa kwa sababu za usalama. Milinganyo bado inaonekana, lakini ukiibofya kwenye Word mpya ili ubadilishe 3 iwe 5, inakataa. "Shikamoo mwalimu, hebu lete hiyo flashi." Nalifungua faili kwenye LibreOffice, mlinganyo unageuka kuwa wa kwake, nabadilisha, natoa PDF, mtihani unakwenda kudurufiwa. Mwalimu alidhani ya kulipia ndiyo itakayofungua vitu vya kulipia.

Wanaofikiria miaka kumi ijayo wazingatie hilo. Faili la Word, docx, lilikuja na Office 2007, likapewa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. Faili la LibreOffice, odt, lilipata kiwango chake mwaka 2006. Yote mawili kwa ndani ni mfuko wa zip wenye maandishi ya XML, yaani maneno ya kawaida yaliyowekewa alama za mpangilio. Badilisha mwisho wa jina liwe zip, lifungue, utaona. Faili likigoma kufunguka kabisa na mwenyewe akianza kulia, huo mfuko nimeupasua mara kadhaa nikayatoa maneno yakiwa mazima, bila mpangilio wake.

Sasa nije kwa wanaotakiwa kulipa, au angalau kuipata Word halali kwa njia yoyote.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Tasnifu yake inakwenda kwa msimamizi, inarudi imejaa masahihisho ya rangi na maoni pembeni, inakwenda tena, inarudi tena. Msimamizi ana Word na hana mpango wa kubadilika. LibreOffice inaonesha masahihisho hayo, inakuruhusu kuyakubali na kuyakataa, maoni yanaonekana. Kwa barua ya kurasa tano ningesema tumia tu. Kwa tasnifu ya kurasa 120 yenye majedwali yaliyovunjika kati ya kurasa, michoro yenye visanduku vya maandishi juu yake na namba za sura zinazojihesabu zenyewe, kila safari ya kwenda na kurudi kati ya programu mbili inaacha mchubuko. Leo jedwali limesogea, kesho namba ya mchoro imerudi 1. Mmoja mmoja hauumi. Mwezi wa mwisho inauma yote pamoja. Mwanafunzi wa namna hiyo namwambia atumie kile anachotumia msimamizi wake. Kabla hajatoa hela aulize chuoni: Microsoft wana mpango wa bure kwa taasisi za elimu, unapewa kwa barua pepe ya chuo, na kuna vyuo vimejiunga na wanafunzi hawana habari. Ya kwenye kivinjari inatosha kwa masahihisho ya kawaida. Na kwa marejeo nawashauri Zotero, ya bure, kwa sababu inashikana na Word, LibreOffice na Google Docs zote. Ukihama programu, marejeo hayakukimbii.

Wa pili ni mtu wa ofisi ambaye Excel yake ina makro, yaani amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe. Mhasibu aliyerithi jedwali la mishahara lenye vitufe, ukibonyeza kimoja linatoa hati za malipo za wafanyakazi wote. Hayo yameandikwa kwa VBA, lugha ya makro ya Microsoft, na Calc, ambayo ndiyo Excel ya LibreOffice, inayaelewa nusunusu. Usijaribu siku ya mshahara.

Wa tatu ni mimi mwenyewe na kadi za harusi. Kadi 300, kila moja na jina lake: "Bw. na Bi. fulani". Kwenye Word nachagua orodha ya Excel, naweka nafasi ya jina, naprinti. LibreOffice inaweza, sikatai, lakini inanitaka kwanza niisajili ile orodha kama hifadhidata, hatua juu ya hatua, huku mwenyekiti wa kamati amesimama dirishani anatikisa funguo za gari. Kwa kazi hii tu Word inanirudishia hela yake, maana msimu wa harusi hausubiri mtu.

Kwa kikoba, yaani hisa, mikopo, riba, faini za kuchelewa, Calc na Excel ni sawa kwa sawa. Jumla ni jumla. Zote mbili zinabeba mistari 1,048,576 kwa kila karatasi, na kikoba kikiwa na wanachama 30 hamtaifikia mpaka wajukuu wenu wastaafu. Nasisitiza tu msihifadhi kwa xls, ule muundo wa zamani wenye kikomo cha mistari 65,536. Si utani. Mwaka 2020, katikati ya korona, mamlaka ya afya ya Uingereza ilipoteza kwa muda taarifa za wagonjwa karibu 16,000 kwa sababu data zilikuwa zikipitishwa kwenye faili la xls na mistari iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya. Excel yao ilikuwa imelipiwa vizuri sana.

Kamati ya harusi nayo ina tabia yake. Kuna mweka hazina, katibu, mwenyekiti, na shangazi ambaye hana cheo ila kila ahadi lazima aione. Wakitumiana faili la Excel kwenye kundi la WhatsApp, baada ya wiki mbili kuna bajeti_mpya, bajeti_mpya2, bajeti_ya_mwisho na bajeti_ya_mwisho_kabisa, na kila moja ina ahadi ambayo wenzake hawana. Hapo Google Sheets haina mpinzani, ya bure au ya kulipia. Jedwali ni moja, kila mtu analifungua kwenye simu yake, aliyebadilisha anajulikana, na shangazi unampa ruhusa ya kutazama tu bila kuandika. Hiyo ruhusa ya kutazama tu imeokoa undugu.

Mara nyingine mteja msomi hunibana: kama LibreOffice ni nzuri hivyo, mbona serikali kubwa zinaikimbia? Huwa anaitaja München. Ni kweli, jiji hilo la Ujerumani lilianza mwaka 2003 kuamua kuhama Microsoft, likafikisha kompyuta karibu 15,000 kwenye Linux na programu huria kufikia 2013, kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi. Lakini mwaka 2024 jimbo zima la Schleswig-Holstein, nchi ileile, likatangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice. Sioni kama mfano wowote kati ya hiyo unamsaidia mama anayetaka kuandika orodha ya bidhaa za duka lake. Yeye hana mafaili ya ofisi nyingine kumi na tano anayolazimika kuyafungua. Ana daftari tu, na anataka kuliacha.

Neno la haraka kuhusu Kiswahili chenyewe, maana ndicho tunachochapa kutwa. Mistari myekundu chini ya kila neno haitokani na makosa yako. Programu inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Word ina kikagua tahajia cha Kiswahili, LibreOffice nayo ina kamusi ya Kiswahili, zote unazichagua kwenye mpangilio wa lugha. Usitegemee zitatambua kila kitenzi chenye viambishi vinne, lakini zitakamata "mkurungezi". Na wale wanaoorodhesha ajenda kwa (a), (b), kisha Word inageuza (c) kuwa alama ya hakimiliki: bonyeza Ctrl na Z papo hapo, inarudi. Nimeona muhtasari wa kikao ulioprintiwa nakala 40 ukiwa na ajenda ya hakimiliki katikati ya maji taka na ulinzi shirikishi.

Swali ninalopata zaidi siku hizi linatoka kwa wenzangu wa kazi, nalo linahusu Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi: mafaili yake yataishia wapi? Nusu ya kadi za mtaa huu, za kipaimara, za harusi, za arobaini, zimezaliwa kwenye Publisher, kwa sababu ni rahisi na kila fundi aliiweka. Microsoft walishatangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wake, na wanaotumia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yake kwa Publisher. Mwenye kabati la kadi za miaka kumi aanze sasa. Draw, programu ya kuchorea ya LibreOffice, inafungua mafaili ya pub, yaani ya Publisher. Si yote yanatoka salama: maua na picha kwa kawaida yanakaa mahali pake, maandishi yaliyopindishwa kama upinde yananyooka, na fonti za mapambo lazima uwe nazo kwenye kompyuta hiyo. Yale yasiyokubali, fungua kwenye Publisher yenyewe ukiwa bado nayo, toa PDF, ujue hiyo kadi sasa ni ya kuprinti tu. Mimi nimeanza na za kipaimara, kwa kuwa parokia huagiza nyingi kwa mpigo na hubadilisha majina tu. Za harusi zinasubiri. Kila bibi harusi anataka mpya hata hivyo.